Usinunue Mota, Nunua Fensi

Wasee wa mbao, leo tuongee pesa na vidole.

Tangu nianze kuweka video za kazi yangu ya useremala, swali ninaloulizwa zaidi ni hili: "Nina pesa kidogo, ninunue msumeno gani wa meza?" Kabla sijajibu, linafuata la pili: uwe na nguvu ngapi? Hosipawa ngapi, wati ngapi, bledi ya inchi ngapi. Sijawahi kuulizwa fensi inafunga aje. Sijawahi kuulizwa kama kuna kisu nyuma ya bledi. Na kwa maoni yangu hayo mawili ndiyo yanaamua kama umenunua mashine ya kazi ama umenunua mtego wenye swichi.

Kwa hivyo msimamo wangu nauweka mezani mapema. Kama hii ni mashine yako ya kwanza na pesa ni za kuhesabu, mota iwe kitu cha mwisho kuangalia. Anza na fensi, ufuate na kisu cha nyuma, halafu uulize spea zinapatikana wapi. Najua kuna mafundi watakaonicheka. Wacheke, lakini wasome mpaka mwisho.

Hivi vitu viwili ni nini

Kwa wale wageni: msumeno wa meza ni meza yenye bledi ya duara inayochomoza katikati. Mashine imetulia, mbao ndiyo inatembea. Hiyo ndiyo raha yake, juu unaweza kupasua vipande hamsini vya upana uleule bila kuchora laini hata moja. Hiyo pia ndiyo hatari yake, juu anayesukuma mbao kuelekea kwa bledi ni wewe, na unaisukuma kwa mikono yako.

Fensi ni ule ukuta mrefu wa chuma ama alumini unaosimama sambamba na bledi. Mbao inaegemea hapo ikienda mbele. Fensi ikiwa sambamba, mbao inapita. Ikikaa upande, hasa ule mwisho wake wa nyuma ukilalia bledi, mbao inabanwa kati ya fensi na meno ya nyuma.

Kisu cha nyuma si cha kukata. Ni bamba jembamba la chuma lililosimama nyuma ya bledi, karibu nayo sana, na kwenye mashine nzuri kinapanda na kushuka pamoja nayo. Kazi yake ni kuuweka ule mkato wazi ili mbao isijifunge na kuishika bledi.

Kwa nini hiyo ni muhimu? Angalia bledi inavyozunguka. Meno ya mbele, upande wako, yanashuka. Meno ya nyuma yanapanda juu. Mbao ikigusa yale ya nyuma kwa nguvu, inanyanyuliwa na kurushwa huko uliko. Mimi huliita teke. Na teke lina mambo mawili mabaya. La kwanza, ubao unakupiga tumboni ama usoni. La pili ndilo watu husahau: ule ubao uliokuwa chini ya kiganja chako haupo tena, lakini mkono wako bado unasukuma. Unasukuma kuelekea wapi? Sitaki kumalizia hiyo sentensi.

Si maneno ya kutisha tu. Marekani, ambako msumeno wa meza ni kitu cha kawaida kwa karakana za nyumbani, tume yao ya usalama wa bidhaa, CPSC, imekadiria kwamba mashine hizi hupeleka watu zaidi ya 30,000 hospitalini kila mwaka. Na hao wanauziwa mashine zenye kisu na kofia ya bledi tangu dukani.

Hapa kwetu hesabu ina uzito mwingine. Ile sheria ya fidia ya majeraha kazini, WIBA ya 2007, inamlinda aliyeajiriwa. Wewe umejiajiri kwenye kibanda cha mabati nyuma ya nyumba ya wazazi. Ukiumia, hakuna mwajiri wa kukulipa. Na ukichukua kijana wa kukusaidia kwa ujira, hapo mwajiri ni wewe, na likimpata jambo sheria inakuangalia wewe. Ndio maana nasema usianze na hosipawa.

Kwanza, unauhitaji kweli?

Hili swali linaudhi, nalijua. Lakini Kenya tuna kitu ambacho wale watu wa video za ng'ambo hawana: huduma ya kupasua iko kila mtaa. Ukinunua mbao Gikomba ama kwenye yadi yoyote ya mtaani, hapo hapo kuna mashine ya kupasua na ya kulainisha, unalipa kwa futi. Ukinunua MDF ama blokibodi, maduka mengi ya bodi yatakukatia kwa vipimo vyako, na kwa mashine kubwa inayokata safi kuliko chochote wewe na mimi tutanunua mwaka huu.

Kama unatengeneza stuli mbili kwa mwezi, manze, tumia hao. Weka doo. Nunua kleni, patasi nzuri, na vibano.

Jipime hivi: kwa mwezi mmoja, andika kila shilingi uliyolipa kukatiwa mbao, pamoja na nauli na pesa ya mkokoteni. Andika pia siku ulizopoteza ukingoja foleni. Mwisho wa mwezi jumlisha. Kama hiyo pesa kwa miezi minane ama kumi inaweza kununua mashine, basi unauhitaji. Kama haifiki hata robo, unataka tu kuwa nao. Kutaka si dhambi, lakini usikuite biashara.

Wanaouhitaji kweli ni wale wanaopasua vipande vyembamba vingi: fremu za picha, droo, mbao za kukatia mboga, meza za TV, vitanda vya watoto. Kazi ambayo milimita moja ikipotea, kiungo hakikai.

Njia tatu za mtu wa pesa kidogo

*Ya kwanza ni mashine ya jua kali.* Unajua zile: fremu ya enguaini, bamba juu, mota ya hosipawa mbili ama tatu chini, mkanda, na bledi kubwa. Siwezi kuzidharau. Zinapasua mvule siku nzima bila kulia, na zikiharibika, fundi wa kuzitengeneza yuko hatua kumi kutoka kwako. Shida ni kwamba nyingi hazina kisu, hazina kofia, fensi ni ubao uliobanwa na jiklampu, na swichi iko ukutani nyuma ya mgongo wako.

Lakini hapa kuna kitu wengi hawajakifikiria. Kwenye nyingi ya mashine hizi bledi haipandi wala haishuki, inakaa palepale. Maana yake kisu cha nyuma kinaweza kuwa bamba lililofungwa kwa bolti mahali pamoja, na kikafanya kazi sawa. Kwa hivyo ukienda kuagiza, mwambie fundi wa chuma: "Nataka bamba nyuma ya bledi, nyembamba kuliko mkato lakini nene kuliko mwili wa bledi, lisimame laini moja na meno. Nataka kofia juu. Nataka swichi mbele, mahali goti langu linaweza kuizima." Lipa hiyo kazi ya ziada. Ni bei rahisi kuliko daktari wa mifupa.

Pia uliza puli. Kila bledi imeandikwa mizunguko ya juu inayoruhusiwa kwa dakika. Mota ya mizunguko 2,850 ikiwa na puli ya inchi 6, na shafti ikiwa na puli ya inchi 4, bledi itazunguka karibu mara 4,275. Bledi ndogo inaweza kubeba hiyo, bledi kubwa ya inchi 14 huenda isibebe. Soma bledi kabla ya kufunga mkanda.

*Ya pili ni mtumba, ex-UK ama kutoka Marekani.* Hapa ndipo watu huliwa. Mashine inang'aa, jina ni kubwa, bei ni nusu. Angalia plagi kwanza. Kwenye maeneo ya ujenzi Uingereza wanatumia vifaa vya volti 110, na plagi yake ni ya duara, ya rangi ya manjano. Ya buluu ndiyo ya volti 230. Marekani kwao ni volti 120. Sisi hapa stima ni volti 240. Ukikata ile plagi ya manjano na kuweka ya pini tatu kama muuzaji anavyokushauri, mota itaishi sekunde chache tu, halafu moshi.

"Si nitanunua transfoma?" Unaweza. Lakini msumeno wa wati 1,800 unataka transfoma kubwa, ya kama kVA 3, kitu kizito na cha bei. Ijumlishe kwa bei ya mashine kabla hujasema umepata dili.

Kuna mtego mwingine wa mashine za Marekani. Shafti zao ni za inchi 5/8, karibu milimita 16. Bledi nyingi za inchi 10 zenye vipimo vya Ulaya zina tundu la milimita 30. Utazunguka mji mzima ukitafuta bledi inayoingia. Na ile ya zamani iliyotengenezwa kabla ya 2008, kuna uwezekano mkubwa haina kisu kinachopanda na bledi, juu kwao kanuni ya kudai kisu hicho kwenye miundo mipya ilikuja miaka hiyo.

*Ya tatu ni mashine mpya ndogo ya kubebeka.* Ingco na Total wanauza za bledi ya milimita 254, hizi ndizo utazikuta kwa maduka mengi ya hadweya. Juu yao kidogo kuna Makita, Bosch na DeWalt. Hii njia ndiyo ninayompendekezea mgeni. Si kwa sababu ina nguvu zaidi, jua kali inaishinda kwa mbali. Ni kwa sababu inakuja na kisu, kofia na swichi ya mbele tangu kwenye boksi, na kwa sababu unaweza kuifungua dukani na kuipima kabla ya kulipa.

Kuna njia ya nne ambayo sitaihesabu: grinda iliyogeuzwa chini ya meza na kuwekwa bledi ya mbao. Naziona, na zinapata watazamaji wengi. Grinda ndogo inazunguka mara 11,000 hivi kwa dakika, na bledi nyingi za mbao hazijatengenezwa kwa mwendo huo. Haina kisu, haina kofia ya maana. Msee, hapana.

Ukubwa si kila kitu

Watu wanakimbilia inchi 10 kana kwamba inchi 8 ni ya watoto. Hebu tuchukue mfano wa DeWalt DWE7485. Bledi yake ni milimita 210, inchi 8 na kidogo, na inakata kina cha milimita 65. Sasa kumbuka mbao unazonunua: 2 kwa 2, 3 kwa 2, 6 kwa 1, 12 kwa 1. Unene wa inchi 2 ni milimita 50. Hiyo "ndogo" inapita na chenji inabaki. Ni lini mara ya mwisho ulipasua mbao ya inchi 3 kwenda chini?

Kipimo ambacho kingekusaidia ni kingine: fensi inafika umbali gani kutoka kwa bledi? Bodi nzima ni futi 8 kwa 4, upana wake ni milimita 1,220. Nusu yake ni 610. Fensi ikifika 610, unaweza kuigawa bodi katikati. Hiyo DeWalt inafika 622. Kuna mashine za inchi 10 zisizofika hapo, na utaishia na bledi kubwa inayosubiri bodi isiyoweza kuingia.

Sisemi ukope kuinunua. Nasema soma karatasi ya vipimo kwa macho ya mbao zako, si kwa macho ya kuringia marafiki.

Dukani, beba futi na rula ya chuma

Usiogope muuzaji. Mwambie akufungulie boksi. Kama amekataa, kuna duka lingine barabara hiyohiyo. Mashine ikiwa haijachomekwa, fanya hivi:

Funga fensi, kisha pima umbali wa fensi hadi jino la mbele ya bledi, halafu hadi jino la nyuma. Iwe sawa. Ikizidi nusu milimita kwa nyuma, bado tunaongea. Ikipungua kwa nyuma, hiyo ndiyo inabana mbao, na kama haina skrubu za kurekebisha, iache.

Fungua fensi, isogeze, funga tena, pima tena. Rudia mara tatu. Fensi inayokupa jibu tofauti kila ukifunga itakufanya uharibu mbao kila siku. Kisha ishike ule mwisho wa nyuma na uisukume kwa kidole. Zile zinazoshika mbele tu zinayumba. Zinazofunga mbele na nyuma zinatulia.

Angalia kisu. Pandisha bledi, je, kinapanda nayo? Kiko laini moja na bledi, ama kimepinda?

Weka rula juu ya meza, pita pande zote. Kama kuna bonde katikati, mbao itacheza.

Sogeza ile fimbo ya kupimia pembe kwenye mfereji wake. Ikitikisika kama jino bovu, mikato ya mraba utaisahau.

Mwisho, uliza: bledi yake ni ya tundu gani, na brashi za mota ziko? Mota za mashine hizi ndogo zina brashi za kaboni zinazoisha. Kama muuzaji hajui brashi ni nini, jibu umepata.

Umeona? Dakika kumi zimeisha na bado hatujataja hosipawa.

Gawa pesa mafungu manne

Makosa ninayoyaona kwa vijana wengi ni kumaliza pesa yote kwa mashine. Mimi nasema ukiwa na bajeti yoyote, igawe mafungu manne sawa. Matatu ni ya mashine. Moja ni ya vitu vinavyoifanya ifanye kazi.

Bledi nzuri ndiyo ya kwanza. Ile inayokuja kwenye boksi mara nyingi ni ya kuanzia tu. Meno 24 yanapasua mbao kwa urefu haraka. Meno 40 ni ya kazi ya kila kitu. Meno 60 kwenda juu ni ya plaiwudi na bodi za laminati, usipotaka kingo zimechanika. Ukiwa na pesa ya moja tu, chukua 40, yenye ncha za kabaidi. Na sasa nakuambia siri inayoua hoja yote ya nguvu: mota ya wati 1,500 yenye bledi kali inapita saiprasi ya inchi 2 vizuri kuliko mota ya wati 2,000 yenye bledi butu. Wengi wanaolia mashine haina nguvu, shida ni bledi.

Ya pili ni waya. Wati 1,500 kwa volti 240 ni kama ampea 6, soketi ya kawaida inabeba. Lakini ile ekstensheni nyembamba ya kuchajia simu haibebi. Chukua waya mnene, milimita 2.5, na uukunjue wote, usiuache umejiviringa maana unapata joto. Kuhusu tokeni, usiogope sana: mashine ya wati 1,500 ikifanya kazi kwa nguvu zote saa nzima inakula yuniti moja na nusu, na wewe hutakata saa nzima bila kupumzika.

Ya tatu ni miwani, vizibo vya masikio na barakoa. Vumbi la mbao limewekwa na shirika la utafiti wa saratani la IARC kwenye kundi la vitu vinavyojulikana kusababisha saratani kwa binadamu. Kikohozi cha MDF si cha kuzoea. Glavu acha nyumbani, bledi ikishika kitambaa inavuta na mkono.

Ya nne ni bure: vijiti viwili vya kusukumia mbao. Vikate kwa vipande ulivyonavyo. Kipande kikiwa chembamba kuliko kiganja chako, mkono wako hauna kazi hapo, ni kijiti. Simama kando ya bledi, si nyuma yake. Na usiwahi kupasua mbao kwa mkono mtupu bila fensi.

"Lakini mzee wa Gikomba ana vidole kumi"

Hii ndiyo hoja ninayotupiwa kila mara. Kuna mzee mtaani, amepasua mbao miaka thelathini bila kisu, bila kofia, na vidole vyake viko sawa. Basi kisu ni cha nini?

Namheshimu huyo mzee. Amesikia mbao nyingi zikianza kubana kabla hazijabana, sikio lake linajua. Wewe huna hilo sikio bado. Unalijenga, na utalijenga ukikosea. Swali ni makosa hayo yatakugharimu ubao ama kidole. Halafu fikiria hili: unamwona yule mwenye vidole kumi kwa sababu bado yuko kazini. Wale waliopoteza vinne wako wapi? Wengi waliacha hiyo kazi, huwezi kuwakuta hapo wakikupa ushauri.

Na kama unadhani kisu ni mambo ya wazungu waoga, angalia wao wamefika wapi. Mwaka 1999 Mmarekani Steve Gass alibuni kile kinachoitwa SawStop: bledi inabeba mawimbi madogo ya umeme, ngozi ikiigusa mawimbi yanabadilika, na breki ya alumini inajibana kwenye meno na kuisimamisha kwa takriban milisekunde 5. Bledi inaharibika, kidole kinabaki na mkwaruzo. Mashine hizo ni bei ambayo kijana wa ploti haigusi. Kwa hivyo sisi ulinzi wetu ni kisu, kofia na kijiti. Ni vya bei rahisi, na unaviondoa?

Sasa sisi wa video

Hapa nawaongelesha wenzangu wanaotengeneza video za mbao. Tunapiga video bila kofia ya bledi ndio mkato uonekane vizuri. Tunaweka muziki, tunaharakisha picha, mbao inapita kama siagi. Kijana wa miaka 17 aliye Kayole ama Kisumu anatazama, anahitimisha kwamba hiyo kofia ni takataka ya kutupa, na siku anaponunua mashine yake anaiacha kwenye boksi. Hakuna sheria itakayokushika kwa hilo. Lakini wewe ndiye mwalimu wake, upende usipende. Kama lazima uitoe ili uonyeshe kitu, acha kisu mahali pake na useme umetoa kofia kwa nini. Sekunde tano za maneno hazitaua video yako.

Basi ukiniuliza leo nichague, jibu langu ni hili. Mashine mpya ndogo, milimita 210 ama 254, ya volti 240, fensi inayofunga mbele na nyuma, kisu kinachopanda na bledi, kutoka duka lenye spea. Bledi ya meno 40 juu yake. Kama pesa haifiki, usishuke kwenye mashine isiyo na kisu. Nunua msumeno wa mkono wa bledi ya duara, banisha ubao ulionyooka juu ya bodi kama reli, na ukate hivyo miezi sita. Unachelewa, lakini unakata laini iliyonyooka, na mikono yako yote iko nyuma ya bledi, si mbele yake.

Na mwenye jua kali tayari, usiiuze. Chukua Jumamosi moja, peleka kwa fundi wa chuma, uiwekee bamba, kofia na swichi ya mbele. Mota yako ni nzuri, haijawahi kuwa shida.